Mama Turubai Anajibu: Kivuli cha Chalbi ni tanga, mwanangu

SWALI: Mama Turubai, shikamoo. Mwezi wa nane mimi na mume wangu, watoto wetu watatu na jamaa wengine wanne tunakwenda jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kisha tumalizie Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, siku sita kwa jumla. Kukodi kibanda cha kivuli tumeona ni ghali, kwa hiyo tumenunua turubai la plastiki la buluu la mita 4 kwa 6, mabomba manne ya chuma ya mita 3 kila moja, na kamba ya manila. Vigingi tutatumia vile vilivyokuja na hema letu la kulalia. Mume wangu anasema tulifunge juu sana ili hewa ipite, na tulikaze kama ngoma ili lisipigepige. Vitatosha? — Msomaji, Thika

JIBU: Marahaba, mwanangu. Turubai lenu litandikeni chini mlikalie, litawafaa sana huko. Juu ya vichwa vya watoto msiliweke.

Mimi nimezaliwa Lamu, baba yangu akishona matanga ya majahazi. Nilikuwa namshikia kitambaa naye anapitisha dofra, ile sindano nene ya kushonea matanga, na jambo alilonirudia mpaka likanikaa ni kwamba kitambaa hakijui umekishona kwa kazi gani. Kikipata upepo kinavuta. Leo niko Isiolo nashona maturubai ya malori yanayopanda Moyale, na jambo ni lile lile. Turubai la mita 4 kwa 6 ni mita za mraba 24. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiliingia tumboni unalisukuma kwa uzito unaopita kilo 100. Ukizidi ukawa wa kilomita 60, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, yaani zaidi ya kilo 400. Sasa vile vigingi vya hema, vyembamba na virefu kuliko kiganja kidogo tu, vitashika nini?

Na huko mnakokwenda upepo si wa kubahatisha. Mitambo 365 ya umeme wa upepo haikusimamishwa karibu na Loiyangalani kwa mapambo. Upepo wa kusini-mashariki unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda zetu za juu kama maji ndani ya mfereji, na unashika kasi zaidi usiku mpaka asubuhi. Mgeni anafika saa nane mchana, anaona shwari, anafunga kivuli kwa kamba mbili tatu, anakula, analala chini yake.

Nilifanya hivyo mwenyewe. Mambo niliyoyajua baharini nikayasahau bara. Kundi la wanafunzi waliniagiza kivuli, nikawashonea turubai zito la lori, nikaandamana nao mpaka ziwani na kulikaza kwa mikono yangu. Mchana kutwa walinishukuru. Saa nne usiku upepo ukatushukia kwa nguvu, bomba la pembeni likang'oka na kuzunguka na kamba yake, likampiga kijana aliyekuwa akinisaidia, juu kidogo ya jicho. Alishonwa nyuzi saba. Jicho lilipona, lakini ule mlio wa bomba likikata hewa gizani ninausikia hadi leo. Tangu hapo simshonei mtu turubai zima liwe kivuli cha jangwani, hata aniongeze pesa.

Fanyeni hivi. Nendeni duka linalouza vifaa vya vitalu vya miche, mkatiwe neti ya kivuli mita 4 kwa 6, ile ya asilimia 80. Asilimia hiyo ndiyo sehemu ya jua inayozuiwa. Upepo unapenya kwenye matundu, na joto linalokusanyika juu ya vichwa vyenu linatoka huko huko badala ya kuganda kama chini ya plastiki. Ukingo wote mshoneeni mkanda mpana, ule wa kubebea mizigo, kwa uzi wa nailoni. Kama hakuna fundi karibu, msitoboe matundu, kwa maana neti iliyotobolewa inachanikia hapo hapo. Chukueni kijiwe laini, ukubwa wa ndimu, kifungieni ndani ya neti kwenye pembe, kisha zungusheni kamba shingoni mwa kile kifundo. Hakichomoki.

Mabomba yenu yanatosha, lakini kwenda juu sana mume wako amekosea. Kila bomba likatwe mita 2 na mita 1. Yale ya mita 2 simamisheni matatu katika mstari mmoja kutoka mashariki kwenda magharibi, moja kila baada ya mita 3, na kamba nene ipite juu yao kama uti wa mgongo. La nne liwe akiba. Yale manne ya mita 1 ni ya pembeni. Mtapata kipaa cha chini, mnaingia mmeinama na kukaa mkekani, na upepo unateleza juu yake badala ya kukikumba. Angalieni nyumba za Wagabbra mkifika: akina mama wao huzijenga kwa fito zilizopindwa na mikeka, duara na fupi, na kuzibeba juu ya ngamia wakihama. Mlango unatazama magharibi, upepo unapewa mgongo.

Habari ya kukaza kama ngoma. Ni kweli kitambaa kinachopigapiga kinajila chenyewe mpaka kinararuka, na hapo mume wako ana haki. Lakini kilichokazwa bila kupumua hukabidhi kila dharuba moja kwa moja kwa kigingi. Kati ya neti na kamba, kila pembe, wekeni blada, hizi hizi za kufungia mizigo kwenye bodaboda, iliyokunjwa mara mbili. Dharuba ikija blada inavutika, ikipita inarudi. Baba alikuwa akiiachia demani, ile kamba ya kuongozea tanga, kidogo wakati wa pepo za ghafla, akaikaza tena zikipita. Blada inawafanyia kazi hiyo nanyi mmelala mchana.

Vigingi nunueni nondo ya milimita 12, mkate vipande 12 vya sentimita 75, na fundi wa kuchomelea awapindie kichwa kama ndoano. Mnavipigilia kwa mshazari, kichwa kikiegemea mbali na kivuli. Kwa bomba la mita 2, kigingi kiwe mita 2 au zaidi kutoka mguuni mwake. Kikikaribia, kamba inavuta juu na kukichomoa kama jino. Mabomba ya mwisho, kila moja kamba mbili zilizotanuka kama mikono. Na vichwa vyote vya nondo vivikeni chupa za maji zilizokatwa nusu. Watoto watakimbia pale usiku, na nondo haina huruma na mguu wa mtoto.

Ardhi ya huko ni ya namna tatu na kila moja ina tabia yake. Uwanja wa Chalbi wenyewe ni ganda la chumvi, gumu juu, na penye unyevu chini yake ni tope. Kigingi kinaingia kwa raha na kutoka kwa raha. Msipige kambi katikati yake, na kukiwa na dalili ya mvua msiingize gari kabisa. Pembezoni, upande wa Kalacha na North Horr, kuna mchanga, na mchangani nondo peke yake haitoshi. Chukueni gunia tupu la mahindi, jazeni mchanga nusu, lifungeni kamba kiunoni, mlizike mlalo kwenye shimo la sentimita 60, likikingama mbele ya mvuto wa kamba. Chimbeni mfereji mwembamba ili kamba itoke kwa mshazari, fukieni, mkanyage. Loiyangalani ni mawe meusi ya volkano. Nondo itapinda kabla haijaingia. Hapo jazeni magunia mawe. Gari nalo ni nanga nzuri, mradi mfunge kwenye gurudumu, si kwenye kioo wala kwenye reki ya juu, na ufunguo wa gari mfunge kwenye kamba hiyo hiyo. Anayetaka kuondoa gari lazima aiguse kamba kwanza.

Mwezi wa nane jua la adhuhuri huko linakaa kaskazini kidogo ya utosi, kwa hiyo kivuli chini ya uti kitasogea kusini kama sentimita 40. Si kitu. Linalochosha ni jua la saa kumi, linaloingia kwa mshazari kutoka magharibi, na mwako unaorudi kutoka kwenye chumvi. Hapo mtashawishika kutundika leso upande wa magharibi. Msitundike! Upepo unaingia kwa mashariki, ukikuta magharibi pamezibwa kivuli chote kinageuka mfuko. Tundikeni kipande cha neti, chini kiachwe huru.

Na laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, hata iwe kavu namna gani, hata iwe na mti mzuri namna gani, msijenge ndani yake. Mvua inaweza kunyesha mlimani nanyi msiione.

Lililo kubwa kuliko yote nililotaka kukwambia: kila siku saa kumi na moja jioni, kabla ya kupika, tueni, yaani kiteremsheni kivuli chote. Mabaharia hutweka na kutua, hawaachi tanga juu wakaenda kulala. Fundo la kila pembe liwe la kuvuta mara moja likafunguka, na mkubwa wenu wa watoto afundishwe kulifungua. Mabomba yalazwe chini, neti ikunjwe, magunia yabaki ardhini yakingoja asubuhi. Mkifanya mazoezi uani kwenu mara mbili kabla ya safari, kutua kutawachukua dakika chache. Usiku kaeni kwenye hema lenu dogo, mgongoni mwa mikoma au mwa gari.

SWALI: Mama, assalaam alaikum. Wikiendi za baridi tunatoka Muscat na watoto kwenda mchangani Sharqiya, tukipitia Bidiyah. Pazia letu la kivuli tunalifunga kwenye gari na vigingi viwili, na kila mara vigingi vinang'oka. Tununue virefu zaidi? — Msomaji, Muscat

JIBU: Wa alaikum salaam. Msinunue, zikeni magunia kama nilivyomweleza mwenzenu wa Thika, mawili tu. Mchanga mkavu hauna meno. Halafu teremkeni kutoka kilele cha tuta. Najua mandhari ni ya juu, lakini na upepo ni wa juu. Kama wazee wa nyumbani kwenu wanazikumbuka nyumba za ariish za makuti ya mtende, waulizeni kwa nini kuta zile zilikuwa na mwanya. Pazia lenu kama ni kitambaa kizito, libadilisheni kwa neti.

SWALI: Neti nyeusi au ya fedha? — Msomaji, Nanyuki

JIBU: Ya fedha inarudisha jua, chini yake kuna baridi zaidi, na kama uwezo upo ichukue. Nyeusi inapata moto yenyewe, lakini ikiwa juu ya kichwa chako na upepo unapita, moto huo unachukuliwa. Ukiwa na pesa za ziada, kabla ya kufikiria rangi, nunua neti ya pili nyepesi uipitishe sentimita 30 juu ya ile ya kwanza, zisigusane. Yangu mimi ni nyeusi, mbili, na kamba za pembe nazibadilisha kila mwaka.