Suga glaida wetu anatupigia kelele, nimrudishe?

SWALI: Shikamoo dada. Tunaishi Houston, Texas. Mwezi uliopita nilimnunulia binti yangu wa miaka 11 suga glaida, kale kanyama ka Australia kenye ngozi ya kuelea hewani kati ya mikono na miguu. Nikiingiza mkono kizimbani anapiga kelele za kutisha, na juzi alimng'ata mtoto mpaka damu ikatoka. Aliyetuuzia alisema tuchukue mmoja tu, eti akiwa peke yake atatuzoea haraka. Mume wangu anataka tumrudishe, tena huenda mwakani tukahamia California kikazi. Nifanyeje?
Mama wa watatu, Houston

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimrudishe kwa ajili ya kelele. Ile sauti kama mashine ya kuchongea penseli ni ya woga. Mnyama mwenyewe ana gramu mia na ushee, na porini kitu kikimjia kutoka juu, mara nyingi ni bundi.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni ule ushauri wa muuzaji. Kwao, glaida huishi kwa ukoo, wakilala wamerundikana ndani ya shimo la mti. Dume mkuu huwapaka wenzake harufu inayotoka kwenye tezi za kipaji na kifua, na mgeni asiye na harufu hiyo hufukuzwa. Huyo ndiye mnyama tunayemfungia peke yake, halafu tunashangaa anapiga kelele. Mimi nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama, na nimewafunga bandeji glaida waliojitafuna mkia kwa upweke. Wawili watakuzoea vilevile, tena wakiwa na utulivu zaidi.

Wakati huohuo, anza na harufu yako. Chukua fulana uliyolala nayo, ikate vipande, umtandikie kimoja kwenye kifuko chake cha kulalia. Udi na marashi viache kabisa kwa sasa. Najua kwetu nyumba bila udi haijakamilika, lakini yeye anakutambua kwa pua, na ukinukia hivi leo na vile kesho, kila siku unakuwa mtu mpya kwake. Moshi wenyewe pia haumfai. Na ukifua vitambaa vyake, usifue vyote siku moja.

Mchana ndio usiku wake. Akiwa amelala ndani ya kifuko, kivae kifuani, fanya kazi zako za nyumbani. Usimtoe, usimpapase, mwache alale akikunusa. Jioni akiamka, paka mtindi usio na sukari kidogo tu kwenye ncha ya kidole, aulambe. Usimpe kitu cha kushika na kukimbia nacho, maana atakimbilia kona. Akilamba, anabaki mkononi mwako, na hapo ndipo mazoea yanapoanzia.

Binti yako akae naye ndani ya hema dogo la kuchezea, asimfukuze, amwache apande mwenyewe mabegani. Watu wengi hutumia bafu. Ukilitumia, funika choo kwanza, kwa sababu glaida huzama humo. Aking'ata, mtoto asiuvute mkono kwa ghafla. Akiuvuta, mnyama anajifunza kuwa meno yanafukuza watu.

Utajua mambo yanakwenda vizuri akianza kukulamba vidole na kukuchana nywele kwa meno ya mbele. Akiwa dume mzima, atakusugua shingoni na kile kipara cha utosini. Hapo amekupaka harufu ya ukoo. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi, na mtoto aambiwe hivyo mapema.

Chakula sitakimaliza hapa, ila madini ya kalisi (kalsiamu) yasikosekane. Yakipungua, miguu ya nyuma hupooza. Tafuta daktari anayewajua wanyama wa aina hii, maana wengi wa mbwa na paka hawawatibu. Na kama wako ni dume, muulize habari ya kumhasi kabla hujaleta jike.

Sasa California. Sheria ya jimbo hilo hairuhusu kufuga glaida nyumbani, sawa na Hawaii na Alaska. Mnyama huyu huishi miaka 10 hadi 12 akitunzwa. Kaa na mzee mlimalize hilo kabla ya kununua wa pili. Kama safari ni ya hakika, mtafutieni mapema nyumba hapo Texas yenye glaida wengine, na binti yako ashirikishwe kuichagua.