Saladi imekuwa chungu

SWALI: Ndugu Mhariri, nina bustani ndogo nyuma ya nyumba hapa Uyole, Mbeya. Saladi ya majani, ile isiyofunga kichwa, niliyoipanda Juni tuliila kwa furaha, lakini niliyoisia mwishoni mwa Septemba imerefuka shina mapema na majani yake ni machungu. Je, mbegu ni mbovu au udongo umechoka? Na je, naweza kuchuma mbegu kwenye mimea hiyo?

Msomaji, Uyole

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako, kosa haliko kwenye mbegu wala udongo, bali kwenye majira. Saladi hustawi zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi, na ndiyo maana ile ya Juni ilikupendeza. Kuanzia Septemba hadi mvua za Novemba jua la Mbeya huwa kali na udongo hukauka upesi. Mmea unaopata joto pamoja na kiu huacha kuongeza majani, ukakimbilia kuchanua, na utomvu wake mweupe, ambao ndio wenye uchungu, huongezeka. Ukishafika hapo hakuna mbolea itakayourudisha nyuma, hivyo ing'oe.

Unaweza kupanda tena hata sasa, mradi uipatie kivuli cha mchana. Sia mbegu juujuu na uzifunike kwa udongo mwembamba sana, kwa sababu huhitaji mwanga ili ziote, na joto la udongo likizidi nyuzi 30 nyingi hulala tu. Hamishia miche jioni, ukiipa nafasi ya sentimita 20 hadi 25, weka matandazo ya nyasi kavu, kisha mwagilia kila asubuhi bila kuruka siku. Anza kuchuma majani ya nje yakiwa bado machanga, ukiuacha moyo wa mmea, nao utakulisha kwa wiki kadhaa; kungoja mmea ujae kwanza, kama wengi wafanyavyo, ni kuukaribisha uchungu.

(Wasomaji wa Makete na Njombe wana shida iliyo kinyume: baridi ya Juni na Julai hugandisha umande, basi miche michanga ifunikwe usiku.)

Kuhusu mbegu, usichume kwenye mimea hiyo. Saladi hujichavusha yenyewe, kwa hiyo watoto hufuata mzazi, na mbegu za mmea uliotangulia kuchanua zitakupa mingine yenye haraka ileile. Msimu ujao wa baridi, weka alama kwenye mmea utakaochelewa kuliko yote, uuache ukomae, kisha uchume mbegu zake.