Nyaraka zinakwama kwenye idhini: punguza waidhinishaji kabla ya kuongeza vikumbusho

Ndugu mleta mada, umesema kila waraka wa mradi wenu unapita kwa watu saba, mmoja baada ya mwingine, na unataka programu itume vikumbusho kila siku. Nimetunza nyaraka za miradi ya ujenzi kwa muda mrefu, na ushauri wangu ni kwamba vikumbusho vije baadaye. Mtu anayeletewa arifa lukuki kila asubuhi huzizoea, kisha huzifuta bila kusoma.

Muulize kwanza kila mmoja wa hao saba: wewe ukikataa, waraka unasimama? Asiyeweza kuusimamisha ni mtoa maoni, au ni mtu wa kujulishwa tu, na hana sababu ya kushika foleni. Tulipofanya hivyo kwenye mradi mmoja, wengi walisema walichotaka ni kuiona michoro kabla haijamfikia mkandarasi. Tukawaweka wote hatua ya kwanza, wanapokea kwa pamoja na kuandika maoni kwenye nakala ileile. Muda ukiisha, mratibu anakusanya yaliyopo na safari inaendelea. Hatua ya pili wakabaki wanaoamua: mhandisi kiongozi, halafu meneja wa mradi. Kwao foleni ina maana, kwa sababu meneja hana cha kuamua mpaka mhandisi amalize.

Kama mnatumia Power Automate, programu ya Microsoft ya kupitisha maombi kwa hatua, kuwa mwangalifu unapochagua aina ya idhini. Ukiweka ya yeyote anayewahi kujibu, mmoja akikubali ombi linafungwa na wenzake hawasubiriwi tena. Hiyo inafaa pale ambapo yeyote kati yao ana mamlaka sawa. Kwa mchoro unaowahusu mhandisi wa umeme na wa mabomba ni hatari, lazima wote wajibu. Jambo jingine, mchakato mmoja hauwezi kuendelea zaidi ya siku 30. Ombi lililolala muda huo wote linakatika. Weka ukomo wako mwenyewe, mfupi, na kikumbusho kimoja kinachomwendea yule tu aliyeshikilia waraka. Ukomo ukipita, ombi lihamie kwa kaimu wake. Ndiyo maana njia ya waraka ifuate cheo, si jina la mtu: likizo moja isisimamishe mradi mzima.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, na mimi ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kinachoidhinishwa ni toleo, si faili. Mtu akibadilisha hata kipimo kimoja baada ya sahihi, idhini ile haipo tena, na mfumo wako lazima ujue hivyo. Kwenye SharePoint, hifadhi ya nyaraka ya Microsoft, washa uidhinishaji wa maudhui pamoja na matoleo makubwa na madogo. Rasimu zitakwenda 0.1, 0.2, na likiidhinishwa linakuwa 1.0. Mwandishi akianza 1.1, msomaji wa kawaida anaendelea kuiona 1.0 mpaka toleo kubwa linalofuata lipitishwe. Kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi, ISO 19650 cha mwaka 2018, nacho kinatenganisha taarifa zinazoandaliwa, zilizoshirikishwa, zilizochapishwa na zilizohifadhiwa kama kumbukumbu. Fundi aliyeko kazini achukue mchoro kwenye zilizochapishwa tu.

Mkubwa akikupigia simu kusema "nimekubali, endeleeni", mwombe kwa heshima abonyeze mwenyewe kwenye mfumo. Usimbonyezee kwa akaunti yake hata akikupa nywila. Siku ukuta unabomolewa, kila mtu atataka kujua nani aliidhinisha toleo lipi, na rekodi ndiyo itakayomlinda yeye na wewe.

Mwisho ni majibu yenyewe. Ndiyo na hapana hazitoshi. Sisi tulikuwa na manne: imeidhinishwa, imeidhinishwa kwa maoni, rekebisha uwasilishe tena, imekataliwa. La pili ndilo linaloleta ugomvi, kwa kuwa mkandarasi anasoma "imeidhinishwa" na mbunifu anasoma "kwa maoni". Liandikieni maana yake kwenye utaratibu wa mradi kabla waraka wa kwanza haujatumwa: je, kazi inaruhusiwa kuanza wakati marekebisho yanaendelea, na nani anathibitisha kwamba yamefanyika? Anayethibitisha awe yule aliyetoa maoni, si mwandishi wa waraka.