Jibu: Daktari kijana wa usingizi ajifunzie wapi kutibu maumivu?

Mdogo wangu, umeuliza kama ungoje nafasi ya kusoma Ulaya, kwa kuwa hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, ulifundishwa zaidi kumlaza mgonjwa usingizi wa upasuaji na kumwamsha salama. Usingoje. Maumivu yanasomwa wodini, usiku wa kwanza baada ya upasuaji, na wodi tunazo.

Rudi kwa kila uliyemlaza. Ukimuuliza mzee "unaumwa?" akiwa ametulia chali, atajibu "tunavumilia tu, docta". Mwombe akohoe au ainue goti. Nimemwona baba mmoja aliyevunjika paja kwa pikipiki, karatasi yake imeandikwa "hana maumivu". Alipotaka kugeuka kidogo alikamata chuma cha kitanda, jasho likamtoka usoni. Kipimo cha 0 hadi 10 kikimchanganya mgonjwa, tumia maneno: hakuna, kidogo, wastani, kali, kali sana. Andika ya kutulia na ya kujisogeza, yote mawili.

Halafu saa za dawa. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 kwa mtu mzima wa kilo 50 na zaidi, pamoja na ibuprofeni kama figo na tumbo vinaruhusu, inasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Kinachoiharibu ni kuandika "apewe akiumwa". Familia ndiyo inanunua dawa. Ndugu akichelewa kwenda famasi, dozi ya saa sita usiku imepotea. Ongea naye mchana, tena umwonyeshe hesabu ya vidonge hadi kesho yake.

Kwa morfini ya mshipa: miligramu 1 hadi 2, ngoja dakika 5 hadi 10, upime tena maumivu, usingizi na pumzi. Naloksoni, dawa ya kuzima morfini pumzi ikipungua, iwe karibu.

Ganzi ya neva jifunze moja kwanza, ya fasia iliaka (utando wa kinena ambako neva za paja hupita chini yake), maana mapaja yaliyovunjika hayaishi kwetu na inawezekana hata bila mashine ya ultrasaundi. Piga hesabu kabla ya kujaza sindano: dawa ya ganzi bupivakaini 0.25% ina miligramu 2.5 kwa kila mililita. Kwa mtu wa kilo 60, kikomo cha miligramu 2 kwa kilo ni miligramu 120, yaani mililita 48. Mililita 30 hadi 40 zinamtosha. Zile za mwanzo fanya mbele ya mkubwa anayeijua.

Mwenye jeraha la risasi akisema panawaka moto au panapiga kama shoti, fikiria neva yenyewe. Hapo amitriptilini miligramu 10 hadi 25 usiku mara nyingi inamfaa kuliko kuongeza morfini.

Kuhusu kozi, tafuta Essential Pain Management. Ilianzia Papua New Guinea mwaka 2010, inachukua siku moja, na njia yake ni fupi: tambua, pima, tibu. Imepangwa ili wenyeji waliosoma wawafundishe wenzao, kwa hiyo wachukue na wauguzi wa zamu ya usiku. Wao ndio wanaobaki na mgonjwa ukishaondoka.