Ugoko unauma nikikimbia, ni viatu au?

SWALI: Kaka za kazi, mi niko Kikuyu hapa Dodoma, nimeanza jogging wiki 3 zilizopita, kila siku kilomita 6 kwenye lami, raba nilinunua mtumba Sabasaba bado kali kabisa, ila sasa ugoko unauma mpaka nachechemea. Nibadili raba?

JIBU: Pole ndugu. Raba inaweza kuchangia, ila mi namshuku zaidi huyo kilomita 6 kila siku, mtu umetoka kwenye kochi juzi tu jamani! Mapafu yanazoea haraka, mifupa inachelewa. Pumzika mpaka maumivu yaishe, halafu rudi mara 3 kwa wiki, kimbia dakika 2 tembea 1, tafuta njia ya vumbi uachane na lami, na hatua ziwe fupifupi. Raba ya mtumba usiangalie rangi, bonyeza soli kwa dole gumba, ikiwa ngumu kama kigae hiyo imeshakufa hata kama inang'aa. Ila kama panauma sehemu moja tu ukigusa, tena hata ukiwa umelala, nenda hospitali, mfupa unaweza kuwa na ufa.