Jibu: Nyumba ya serikali jirani na viwanda, nikague nini kwanza?

Habari ndugu. Umeuliza ukague nini kabla ya kupokea funguo za nyumba ya serikali huko pembezoni, mkabala na viwanda. Anza na hewa. Mimi nilikwenda kuiona ya kwangu mchana, shwari kabisa. Usiku wa kwanza harufu ya rangi ikaingia hadi kwenye mapazia. Usiku hewa hutulia, moshi haupandi, unatanda chini. Basi rudi saa 11 alfajiri, upitishe kidole kwenye kingo ya dirisha: masizi yanayonata hayo si vumbi la barabarani. Utasikia na malori. Mboga panda kwenye makopo mpaka udongo upimwe, huenda una madini ya risasi, sumu isiyoonekana kwa macho. Majirani wanaotoka na kurudi usiku wasikutie hofu, wengi hufanya kazi za zamu humohumo viwandani.