Kabla ya dripu ya kwanza: kuchagua kemo ya saratani ya kongosho

Mgonjwa wako akishaambiwa kwamba saratani ya kongosho imesambaa, utataka kujua kitu kimoja tu: dawa ipi ina nguvu zaidi? Nami nilimuuliza daktari hivyo hivyo nilipokuwa nikimuuguza mume wangu. Badala ya kunijibu, akamgeukia mgonjwa: "Mchana unalala kitandani kwa saa ngapi?" Niliona ananikwepa. Kumbe jibu langu lilikuwa humo.

FOLFIRINOX ni mseto mkali wa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2011, nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 11. Kwa jemsitabini peke yake, dawa nyingine ya kemo, ilikuwa miezi 6.8. Lakini waliochaguliwa hawakuzidi miaka 75, walijimudu wenyewe, na bilirubini yao, rangi ya nyongo inayopimwa kwenye damu, haikuwa juu. Jemsitabini ikiambatana na dawa iitwayo nab-paklitakseli ilifikisha miezi 8.5 katika utafiti wa 2013, uliopokea hata wazee na waliodhoofu kidogo. Kwa hiyo usishindanishe 11 na 8.5. Uliza mgonjwa wako anafanana na watu wa utafiti upi. Na macho yakiwa ya manjano, mrija wa nyongo huzibuliwa kwanza, maana irinotekani iliyomo kwenye FOLFIRINOX hutegemea ini kuiondoa mwilini.

Omba pia kipimo cha jeni za kurithi, hasa BRCA, jeni ambazo hitilafu zake huongeza hatari ya saratani, mapema kabisa. Majibu huchukua muda, na yanaweza kubadilisha dawa. Ndugu wa damu nao yanawahusu.

Sisi tulianza na FOLFIRINOX. Kila baada ya wiki mbili alirudi nyumbani na pampu kiunoni, dawa ikiingia taratibu kwa saa 46, naye akilala chali asije akavuta mpira. Jambo ambalo sikulitegemea ni baridi. Alishika chupa ya maji ya friji, akaiachia ghafla. Vidole vilichoma kama vimeguswa na umeme. Hiyo ni oksaliplatini, dawa nyingine iliyomo kwenye FOLFIRINOX. Tangu siku hiyo alikunywa maji ya uvuguvugu, na friji nikawa nafungua mimi.

Baadaye ganzi ikawa haiondoki. Hakusema, akiogopa watampunguzia dawa. Niligundua asubuhi moja alipokuwa akivaa shati: kifungo cha tatu kilimshinda, akajifanya anatafuta viatu. Nilimweleza muuguzi siku hiyo hiyo. Oksaliplatini ikaondolewa, nyingine zikaendelea, na kipimo kilichofuata hakikuonyesha uvimbe kukua. Tafadhali msifiche ganzi, wala kuhara, wala homa. Homa ikifika nyuzi 38, piga simu hospitali hata iwe saa nane za usiku. Chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, kusubiri kukuche ni hatari.

Kuna kosa nililolifanya ambalo bado linaniuma. Kwenye kikao cha kuchagua dawa tulikuwa ndugu watano, na sote tulimjibia. Wiki kadhaa baadaye, tukiwa wawili tu, aliniambia angependa siku chache zenye nguvu kuliko nyingi za kulala. Ningemuuliza mapema, huenda tungeanza na dawa nyepesi, au tungekaa na wataalamu wa tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na kumtuliza mgonjwa, bila kemo. Wewe muulize kabla ya dripu ya kwanza, mkiwa peke yenu, kisha umwache amalize kusema.